Albert Pujols anarudi St. Louis Ijumaa hii: ashangiliwe au azomewe?

#1 BabaWaTao (Jumatano, 19 Juni 2019)

Wakuu, salaam. Ijumaa hii timu ya besiboli ya Angels ya California inatua Busch Stadium kucheza na Cardinals, timu yetu ya St. Louis, mechi tatu, na nyota wetu wa zamani Albert Pujols atakanyaga uwanja ule kwa mara ya kwanza tangu 2011, safari hii akiwa na jezi ya wageni.

Nilifika St. Louis 2009 nikitokea kambi ya Nyarugusu. Kiingereza sikijui, besiboli ndiyo kabisa. Kazi yangu ya kwanza ilikuwa kufua mashuka kwenye hoteli moja katikati ya mji, na kwenye chumba cha kufulia kulikuwa na redio iliyofungwa stesheni moja tu, ya mpira. Kila jioni nilisikia jina moja likitajwa na wenzangu wote wanaacha kukunja mashuka. Pujols. Hiyo j inasomwa h, Puhols. Nilijua jina lake kabla ya kujua jina la mtaa niliokuwa naishi.

Msimu wa 2011 ulipokwisha, akiwa na kombe mkononi, akaenda California kwa mkataba wa miaka 10 na dola milioni 240. Mwezi ule mji ulikuwa kama una matanga. Leo, miaka minane baadaye, kila mtu kazini anatafuta tiketi ya kwenda kumpigia makofi. Mimi mwenyewe nimenunua mbili, niende na binti yangu.

Swali langu: mtu aliyeondoka kwa pesa, kwa nini mji haumchukii? Nimejiuliza wiki nzima sijapata jibu.

#2 Gongo_la_Mbao

Jibu ni rahisi mkuu. Makombe mawili, 2006 na 2011. Mtu akikupa World Series mbili unamdai nini tena?

#3 Nyota ya Kizimkazi

Samahani kwa kuuliza, besiboli ndiyo ile kama rede tuliyocheza utotoni, au ndiyo kriketi ya Wahindi? Nataka kufuatilia uzi huu lakini nimeachwa njiani.

#4 BabaWaTao

Karibu dada. Kwenye rede unaukwepa mpira, huku unautafuta. Mrushaji anarusha, mpigaji ana gongo. Akipiga vizuri anakimbia besi ya kwanza, ya pili, ya tatu, mpaka arudi alipoanzia, hapo timu yake inapata pointi moja. Akiupiga ukapita juu ya uzio ni homurani, anazunguka zote kwa raha zake. Kila timu ina zamu tisa za kupiga, zinaitwa iningi. Watu wa kriketi ni majirani zetu, lakini ukoo ni mwingine.

#5 Takwimu_Kavu

Kabla ya hisia, tuwekeane hesabu mezani. Pujols ndani ya Cardinals, misimu 11: homurani 445, wastani wa kupiga .328, yaani karibu mapigo 33 yaliyofanikiwa kwa kila majaribio 100. Mchezaji bora wa ligi mara tatu, 2005, 2008 na 2009. Misimu yake kumi ya kwanza yote alifikisha wastani wa .300 au zaidi, homurani 30 au zaidi, na kuwarudisha wenzake nyumbani mara 100 au zaidi. Yote kumi, bila kuruka hata mmoja. Wa kumi na moja, 2011, akakomea .299 na 99. Alikosa kwa uzi mwembamba.

Na huyu, timu zilipochagua chipukizi kwa zamu mwaka 1999, alichaguliwa wa 402, raundi ya 13. Timu zote zilimpita, tena mara nyingi.

#6 Mluhya_wa_KC

Niongeze kwa #5. Alikulia huku kwetu upande wa magharibi wa Missouri. Familia ilitoka Santo Domingo 1996, wakapita New York kisha wakatulia Independence, jirani kabisa na Kansas City. Akasoma Fort Osage, halafu chuo cha Maple Woods. Royals, timu ya Kansas City, walikuwa naye mlangoni na bado wakamwacha aende. Mzee mmoja wa kanisani kwetu huwa hawezi kumaliza hadithi hiyo bila kushika kichwa.

Pia mleta uzi, wengi hapa mjini kwenu wanasema "hajarudi Missouri tangu 2011". Si kweli. Angels wanakuja Kansas City karibu kila mwaka kwa sababu wako ligi moja na Royals, Ligi ya Marekani; Cardinals wako ile nyingine, Ligi ya Taifa. Hata 2014, mara ile moja tu Angels walipoingia mtoano wakiwa naye, ni Royals waliowatoa, 3-0, na mechi ya mwisho ilichezwa hapa hapa. St. Louis ndiko ambako hajarudi.

#7 BabaWaTao

Asante kwa marekebisho kaka. Ila kwa watu wa St. Louis, Kansas City ni nchi nyingine.

#8 Mluhya_wa_KC

Na nyie mnajua tulichowafanyia kwenye World Series ya 1985, tulipowafunga.

#9 Arsenal_Damu_Damu

Mimi besiboli siijui lakini kurudi kwa mchezaji nakujua. Machi 2010 Thierry Henry alirudi Emirates na Barcelona. Akatoka benchi, uwanja mzima ukasimama. Nilikuwa kibanda umiza cha Mwananyamala, watu wazima walifuta macho. Halafu Aprili 2013 akaja Robin van Persie na United waliokwishachukua ubingwa, akazomewa kuanzia kupasha moto mpaka mwisho, na penalti akatufunga.

Wote wawili waliondoka. Mmoja alikwenda mbali, nchi nyingine, baada ya kutupa kila kitu. Mwingine alikwenda kwa jirani tunayegombana naye. Angalieni Pujols alikwenda wapi, jibu lenu liko hapo.

#10 Gongo_la_Mbao

Hapo #9 umegonga. Jason Heyward alicheza Cardinals msimu mmoja tu, 2015, akahamia Chicago Cubs. Aliporudi Busch alizomewa kila akishika gongo. Cubs ndiyo Yanga wetu. Angels wako ligi nyingine, California, hatukutani nao mara nyingi. Umbali unapoza.

#11 Mjukuu wa Msimbazi

Ndugu, ulivyoandika "Cubs ndiyo Yanga wetu" nimeanza kuipenda Cardinals sasa hivi. Jezi nyekundu pia!

#12 Dada_Uvira

Hamjambo wote. Mimi niko St. Louis tangu 2013, kwa hiyo Pujols sikumkuta. Lakini nataka kubisha kidogo. Watu wanataja makombe na umbali, hawataji alichokiacha. Yeye na mkewe walianzisha mfuko wao 2005, wa kusaidia familia zenye watoto wenye Down sindromu, na maskini wa Jamhuri ya Dominika. Alipohamia California mfuko haukufunga virago, uliendelea na kazi hapa hapa.

Jirani yangu ana kijana wa miaka 24 mwenye hali hiyo. Kila mwaka kuna dansi ya vijana hawa, wanavaa suti na magauni, wanapigwa picha kama maharusi. Yule mama hajui wastani wa kupiga wa mtu yeyote. Lakini ukimsema Pujols vibaya mbele yake, hamtakunywa chai siku hiyo.

#13 Takwimu_Kavu

Naheshimu maelezo ya Dada, ila mimi naona sababu ni baridi zaidi. Mji haukumchukia kwa sababu mji haukupata hasara. Yeye ndiye aliyeshuka. Angalieni: 2012 wastani .285. 2013 maumivu ya unyayo yalimtoa uwanjani Julai, akamaliza na mechi 99. Tangu avae jezi ya Angels hajafikisha .300 hata msimu mmoja, na mwaka jana alikuwa .245. Amefika homurani 600 mwaka 2017 na mapigo 3,000 mwaka 2018, heshima kubwa, lakini zaidi ya nusu ya njia ile aliitembea akiwa bado kwetu.

Halafu sikieni hili. Alipoondoka, kwa kanuni za wakati ule, Cardinals walilipwa fidia: nafasi ya Angels ya kuchagua chipukizi 2012, namba 19. Wakamchukua mrushaji anayeitwa Michael Wacha. Mwaka uliofuata Wacha akawa mchezaji bora wa fainali ya Ligi ya Taifa na Cardinals wakaingia World Series.

Na mnajua nani amepangwa kuanza Ijumaa? Wacha. Pujols atasimama na gongo lake mbele ya kijana aliyepatikana kwa sababu yeye aliondoka.

#14 Nyota ya Kizimkazi

Yakhe! Hii ya #13 imenisisimua mwili. Basi mimi nipo mpaka Ijumaa.

#15 BabaWaTao

Nimekaa St. Louis miaka kumi, hilo la Wacha sikulijua. Ndiyo maana nafungua nyuzi.

Ila "mji haukupata hasara" sikubali, mkuu. Ungekuwa kwenye kile chumba cha kufulia Desemba 2011 usingeandika hivyo. Redio ilizimwa, watu wakafua kimya.

#16 Kocha_wa_Lugazi

Uganda tunasoma. Timu ya watoto wa Lugazi ilifika fainali za dunia za watoto Williamsport mwaka 2012, ya kwanza kutoka Afrika. Kwa hiyo mkisema besiboli si ya kwetu nawakatalia.

Niwape upande wa ufundi kidogo maana uzi umekuwa wa hisia tupu. Angels wa kuwaogopa ni Mike Trout. Mchezaji bora wa ligi 2014 na 2016, na Machi hii amesaini miaka 12 kwa dola milioni 426.5. Tatizo la Trout si nguvu tu, ni subira. Mpira mbaya haugusi. Ukimrushia nje ya eneo anakutazama tu, mwisho anatembea besi ya kwanza bure. Naye hajawahi kucheza Busch, hii ni mara yake ya kwanza.

Shohei Ohtani, naye wa Angels, wiki iliyopita kule Tampa Bay alipiga mapigo yote manne ndani ya mechi moja: la besi moja, mbili, tatu na homurani. Mjapani wa kwanza kufanya hivyo. Mwaka huu harushi kwa sababu alifanyiwa upasuaji wa kiwiko Oktoba, anapiga tu. Sasa hapa kuna jambo. Mechi ziko uwanja wa Ligi ya Taifa, ambako kwa kanuni za mwaka huu wa 2019 hakuna mpigaji wa badala. Mrushaji mwenyewe lazima ashike gongo. Maana yake Ohtani atakaa benchi akisubiri kuingia mara moja, na Pujols, ambaye siku nyingi hupiga tu bila kulinda, ataanza besi ya kwanza.

#17 Gongo_la_Mbao

Besi ya kwanza! Pale pale aliposimama kwetu. Na Cardinals sasa pale yuko Paul Goldschmidt, aliyeletwa Desemba kutoka Arizona. Kila nusu iningi watapishana kwenye udongo ule ule.

#18 Takwimu_Kavu

Na Goldschmidt Machi kasaini miaka mitano, milioni 130. Miaka MITANO. Uongozi ulijifunza. Wangempa Pujols miaka kumi 2011, leo tungekuwa tunamlipa mzee wa miaka 39 mpaka 2021.

#19 Dada_Uvira

Mkewe Pujols alizungumza redioni wakati ule, akasema kilichowaumiza ni kwamba ofa ya kwanza ya klabu ilikuwa ya hiyo hiyo miaka mitano. Mtu amekupa misimu kumi ya namna ile, unamhesabia miaka mitano? Kwa hiyo nani alimwacha nani? Mimi naona hata wanaompenda wanajua moyoni kwamba klabu nayo ina sehemu yake. Makofi ya Ijumaa yana pole ndani yake.

#20 Takwimu_Kavu

Ofa ilipanda baadaye, dada. Walifika miaka kumi nao.

#21 Dada_Uvira

Neno la kwanza ndilo linalokaa tumboni, kaka.

#22 Mpenda_Jezi_Namba5

Ninachoshangaa, kwa nini imechukua miaka minane? Kuna mtu alizuia?

#23 Kocha_wa_Lugazi

Hapana, ni ratiba ya miaka hii tu. Timu za ligi mbili tofauti hukutana kwa zamu za kanda, na zamu ya kanda hizi huja kila baada ya miaka mitatu. 2013 na 2016 Cardinals ndio waliotumwa Anaheim. 2019 ndiyo zamu ya Angels kuja. Kwa hiyo anarudi akiwa na miaka 39, huenda ikawa mara ya kwanza na ya mwisho.

#24 Arsenal_Damu_Damu

Swali la mgeni: nani bado yupo kati ya waliocheza naye?

#25 Gongo_la_Mbao

Wawili tu, mdakaji Yadier Molina na mrushaji Adam Wainwright.

#26 Takwimu_Kavu

Watatu. Matt Carpenter alianza Juni 2011, akacheza mechi chache. Na Wainwright msimu wa 2011 hakurusha hata mpira mmoja, alikuwa amepasuliwa kiwiko. Ila 2006 ni yeye aliyefunga kazi. Molina ndiye rafiki wa kweli wa Pujols. Yuko pale tangu 2004.

#27 Gongo_la_Mbao

Sawa, nimekubali. Carpenter nilimsahau kabisa.

#28 Mpenda_Jezi_Namba5

Na namba 5 haijavaliwa na mtu Cardinals tangu aondoke. Hawajaistaafisha rasmi, wameiacha tu msumarini.

Kwangu kumbukumbu ni Houston, Oktoba 2005. Cardinals wako nyuma 4-2, iningi ya tisa, wawili wameshatoka, amebaki mmoja msimu uishe. Brad Lidge anarusha. Pujols akaupiga ule mpira, uwanja mzima wa Houston ukanyamaza mpaka unasikia kiatu chake kwenye besi. Wenzake wawili waliokuwa kwenye besi wakaingia naye, 5-4. Mimi nilikuwa mwanafunzi, nimelala sakafuni kwa wenyeji wangu, nikaruka nikagonga kichwa kwenye meza.

#29 Mluhya_wa_KC

Lakini mechi iliyofuata Houston walishinda, wakaenda World Series wao.

#30 Mpenda_Jezi_Namba5

Najua. Haijapunguza kitu.

#31 Mjukuu wa Msimbazi (Ijumaa, 21 Juni)

Wakuu, AFCON inaanza leo Misri, Taifa Stars ndani baada ya miaka 39, na nyie mko kwenye gongo? Jumapili Senegal!

#32 Takwimu_Kavu

Mara ya mwisho Stars kucheza AFCON ilikuwa Lagos 1980. Pujols alizaliwa Januari 1980. Kwa hiyo tumesubiri umri mzima wa Pujols. Uko kwenye uzi sahihi.

#33 BabaWaTao (Jumamosi, 22 Juni, alfajiri)

Nimerudi nyumbani, sijalala. Nawaandikia haraka.

Iningi ya kwanza, jina lake likatangazwa, watu wote wakasimama. Si waliovaa nyekundu tu, hata wauza karanga waliweka trei chini. Akavua kofia ya kupigia, akageuka upande huu na huu. Wacha akasogea nyuma ya kilima chake akatulia. Makofi hayaishi. Ndipo Molina akatoka pale anapochuchumaa, akamfuata, wakakumbatiana mbele ya watu wote. Binti yangu ana miaka tisa, alizaliwa hapa, hakumwona Pujols akicheza kwetu. Akaniuliza, "Baba, mbona unalia, huyu ni wa timu nyingine?" Sikuweza kumjibu.

Tumeshinda 5-1.

#34 Nyota ya Kizimkazi

Nimeitazama hiyo kumbatio mara sita. Ahsante kwa kutuita.

#35 Arsenal_Damu_Damu

Henry mtupu.

#36 Kocha_wa_Lugazi (Jumamosi usiku)

Uganda 2, Kongo 0. Dada wa Uvira, upo?

#37 Dada_Uvira

Nipo, na nimeumia, niacheni. Afadhali nimetazama besiboli. Pujols leo kapiga homurani iningi ya saba, kwa mrushaji wetu Dakota Hudson, mpira ukaenda kushoto. Yeye ni adui, timu yetu ndiyo inarushiwa bao, na watu wakashangilia kama vile ni letu! Wakaendelea kupiga makofi mpaka akatoka kibandani mwao kuwapungia. Tumeshinda 4-2 hata hivyo. Jirani yangu na kijana wake walikuwepo. Kijana alivaa jezi ya zamani, imembana kifuani, lakini alikataa kubadilisha.

#38 Takwimu_Kavu

Nakiri sijawahi kuona mgeni akiitwa atoke kwa homurani dhidi ya wenyeji. Bado nasema ni kwa sababu tulikuwa tunaongoza. Ingekuwa homurani ya kutufunga dakika za mwisho?

#39 Mpenda_Jezi_Namba5

Wangeshangilia.

#40 Gongo_la_Mbao

Wangeshangilia halafu wangenuna.

#41 Takwimu_Kavu

Sidhani.

#42 BabaWaTao (Jumapili, 23 Juni, usiku)

Leo Angels wamechukua moja, 6-4. Makofi yalikuwa yale yale kila aliposhika gongo, siku ya tatu mfululizo.

Nimesoma majibu yote: makombe, umbali, mfuko wake, kushuka kwake, ofa ya miaka mitano. Kazini Jumatatu nitaulizwa, na bado sijui niseme lipi. Mzee mmoja aliyekaa nyuma yetu Ijumaa, mzaliwa wa hapa, alimwambia binti yangu kwamba Pujols alikataa kuitwa "El Hombre", yaani "The Man" kwa Kihispania, kwa sababu jina la "The Man" lilikuwa la Stan Musial, gwiji wa zamani wa Cardinals, na Musial alikuwa bado hai. Mzee akasema hilo peke yake lilimtosha. Kwa hiyo sasa nina sababu ya sita.

#43 Dada_Uvira

Hiyo ya mzee naichukua.

#44 Mluhya_wa_KC

Poleni Stars kwa Senegal, 2-0. Sisi pia Algeria 2-0. Alhamisi ni Kenya na Tanzania, mmoja wetu lazima aamke.

#45 Mjukuu wa Msimbazi

Mkuu wa KC, nafungua uzi wa Alhamisi sasa hivi. BabaWaTao, njoo na binti, mwambie huko timu yake ni ipi.